Mbegu za kubadilishana ama za pakiti?

Kwa managu, terere na kunde mi sina maswali, nabeba kikombe cha kunde zangu siku ya kubadilishana pale shamba la mtaa narudi na za mama mwingine, bure kabisa, na kunde hujichavusha zenyewe so ukitunza mbegu unapata ile ile. Malenge chunga, nyuki huchanganya, unaweza vuna kitu hata aliyekupa hakijui 😅 Na uliza zilihifadhiwaje, ka hazikuwekwa jivu fukusi washakula.

Zamani watu walikuwa na woga wa kubadilishana, sheria ya mbegu ya 2012 hapa Kenya ilikuwa inatishia jela hadi miaka miwili ama faini hadi shilingi milioni moja ukiuza ama kubadilishana mbegu zisizothibitishwa, ndo wakulima wakaenda korti na Novemba 2025 Mahakama Kuu Machakos ikavitupa hivyo vifungu.

Za pakiti mi naweka kwa mahindi na nyanya tu. Chotara (mbegu ya kuchanganya aina mbili) inazaa, zingine zinavumilia magonjwa, unakwangua stika ya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, unahakikisha si feki. Lakini ukipanda mbegu ulizotoa kwa mavuno ya chotara zinaota mchanganyiko, so kila msimu dukani tena.