Noti ya elfu kumi juu ya kanuni: ziara ya muziki kwa baiskeli ya umeme, Unguja

Hasira bado ninazo na miezi imeshapita. Safari ilikuwa kabla ya masika, tarehe sikumbuki na wala haina kazi. Ninachokumbuka ni noti ya shilingi elfu kumi imelazwa juu ya nyuzi za kanuni, kile chombo cha taarabu cha kudonoa kwa vidole, na huku mzee wa watu anapiga.

Nitafika hapo. Kwanza baiskeli, maana najua wengi mtauliza hizo.

Baiskeli ni nzuri, sitasema uongo kwa sababu ya hasira. Ukikanyaga kidogo mota inakupokea, na jua la alasiri pale Barabara ya Kenyatta unalipita hata jasho halijakutoka. Mnyororo umefunikwa vizuri, baibui langu halikunasa hata mara moja, na hilo ndilo lililokuwa likinitisha. Ila nazo ni nzito. Ukikutana na vespa kwenye kichochoro cha Mji Mkongwe, mmoja wenu lazima arudi nyuma, na vespa hairudi. Halafu nikajiuliza, mji wenyewe tambarare hivi, kilima kiko wapi hata tukahitaji umeme? Wifi yangu aliyekuja kutoka Tanga akanijibu kuwa mimi nazeeka vibaya, yeye alikuwa anafurahi. Basi baiskeli zipewe haki yake.

Tulikuwa mimi na wifi, na wageni wawili, mke na mume. Mbele mtembezaji mwenyewe, bwana wa makamo aliyevaa kapelo. Nyuma kijana wake wa kusukuma msafara. Sisi tulilipa bei ya wenyeji, ambayo wao wenyewe wameitangaza, hatukuiomba. Mwenye kapelo alitukumbusha jambo hilo tangu Forodhani hatujapanda baiskeli, akicheka. Nami nikacheka. Wakati ule nilidhani ni mzaha.

Ngome Kongwe tulipita haraka, tukaambiwa hapa ndipo lilipofanyika miaka mingi tamasha la muziki la Sauti za Busara, lililoanza Februari 2004, tukapiga picha. Beit el Ajaib, lile jumba la sultani, tukaiangalia kwa mbali; tangu upande wake uanguke Disemba 2020 mimi huwa sipendi hata kuitazama. Lakini hapo hapo ndipo hadithi ya taarabu inapoanzia, kwa sababu aliyeijenga, Sultan Barghash, ndiye anayetajwa kuwa alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni. Bwana wa kapelo alisema tu, "Taarabu ililetwa na Waarabu," akawasha mota.

Kisha Shangani, kwa Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Hapo ndipo tulipotia nanga. Sina ugomvi na Freddie. Kazaliwa hapa 1946, mtoto wa Kiparsi, jina la nyumbani Farrokh Bulsara, na tangu 2019 ana makumbusho yake na watu wanakuja kwa ajili yake, riziki inapatikana. Lakini piano kajifunzia India, skuli ya bweni alikopelekwa akiwa mdogo, na umaarufu kaupatia Uingereza. Ukiniambia ni urithi wa muziki wa Zanzibar nitakubali kwa heshima ya mgeni, kisha nitakuuliza saa ngapi tunakwenda Ng'ambo. Wifi aliuliza kweli. Akaambiwa, "Subiri, Bi mkubwa, hii ndiyo wageni wanayoilipia."

Ng'ambo tulipofika jua lilikuwa linashuka. Tulivuka Darajani kwa kubanana na daladala, tukaingia kwenye ile mitaa ambayo zamani ilitenganishwa na mji wa mawe na mkono wa bahari, kabla haujafukiwa. Huku ndiko alikohamia Siti binti Saad kutoka Fumba, muuza vyungu, mtoto wa watu waliokuwa watumwa. Alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili wakati taarabu ya kasri ilikuwa bado ya Kiarabu. Ndiye aliyeitoa barazani kwa mabwana ikafika uani kwetu. Nilimsubiri bwana wa kapelo aseme hata robo ya haya. Alisema, "Alikuwa mwimbaji maarufu." Na Bi Kidude je, aliyefariki Aprili 2013 baada ya kuizunguka dunia na ngoma yake? Huyo alipewa kichekesho cha sigara. Mwanamke aliyekuwa somo wa unyago, aliyefunda wasichana wa nusu ya mji huu, anabaki kuwa bibi mvuta sigara wa kuchekeshea wazungu. Hapo nilianza kukasirika, lakini hasira ya kawaida tu, ya kumeza.

Aliyeniokoa ni yule kijana wa nyuma. Baiskeli ya mgeni mmoja iliishiwa betri karibu na maghorofa ya Michenzani, tukasimama wabadilishe. Kijana, huku anafungua kufuli la betri, akamsikia wifi ananiuliza tofauti ya kidumbak, ile ngoma ya harusini, na taarabu. Akajibu yeye. Akatueleza sanduku: boksi la mbao limegeuzwa, fimbo imesimamishwa, uzi mmoja umevutwa, na mpigaji anaibana fimbo ile mbele na nyuma ili kupandisha na kushusha sauti, ndiyo besi hiyo. Akaonyesha kwa mpini wa pampu ya baiskeli. Akapiga na mdundo wa vidumbaki viwili juu ya kiti cha baiskeli, mkwasa, vile vijiti vya kugonganisha, akautia kwa ulimi, na wanawake waliokuwa wakikaanga mihogo kando ya njia wakaanza kutikisa mabega. Wageni wale ndipo nilipowaona wamecheka kwa mara ya kwanza. Ukiniuliza ziara ilikuwa nini, ilikuwa hapo. Kama wangemaliza hapo ningewapa nyota zote na chenji juu.

Hawakumaliza. Kituo cha mwisho kilikuwa mazoezi ya taarabu asilia, baada ya isha. Klabu siitaji kwa sababu hawana kosa lolote, wao ndio waliokosewa.

Tuliingia, wazee wako kwenye kutia sauti. Ambaye hajakaa na kanuni hajui: nyuzi zimefungwa tatu tatu kwa kila sauti, zote sabini na kitu, na kila tatu lazima ziseme neno moja. Hewa yetu ya bahari inazilegeza. Mpigaji alikuwa mzee mwembamba wa kanzu, ufunguo mkononi, sikio karibu na ubao, anavuta uzi, anaugonga, anautikisia kichwa, anavuta tena. Wa fidla anapaka ulimbo upinde wake. Hakuna aliyekuwa na haraka. Bwana wa kapelo alikuwa anaangalia simu na kupumua kwa nguvu, ile pumzi ya kumtaka kila mtu asikie.

Wakaanza bashraf. Bashraf haina mwimbaji, ndiyo ya kufungulia. Inakwenda kwa khana, yaani vipande, na kila khana ikiisha wanarudi wote kwenye taslimu, ile sehemu moja unayoisubiri, na kila inaporudi unaiona tamu kuliko ilivyopita. Khana ya pili ikaisha, wanaingia kwenye taslimu, fidla zimeshapanda, wifi amefumba macho. Bwana yule akapiga makofi mawili. Akasema kwa sauti, "Inatosha, wazee, inatosha. Wageni wana ratiba."

Hawakusikia, au walisikia wakaendelea kwa adabu tu. Ndipo akapita katikati yao na viatu vyake, juu ya mkeka, akatoa noti ya elfu kumi akailaza juu ya kanuni. Juu ya nyuzi! Chombo kikatoa mlio wa nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Fidla moja ikanyamaza, ya pili ikanyamaza, udi ukabaki peke yake hatua mbili tatu, kisha kimya. Mzee wa kanuni aliishika noti kwa vidole viwili, pete zake za kudonolea bado ziko kwenye vidole vya shahada, akaiweka pembeni juu ya kiti kitupu. Hakusema kitu. Akauchukua ufunguo akaanza kutia sauti upya.

Jamani, hata mtoto wa Unguja aliyekulia harusini anajua kutunza, kumpa mwimbaji zawadi. Unainuka, unakwenda taratibu na mdundo, unangoja ubeti uliokugusa, pesa unaitia mkononi mwa mwimbaji au unaiweka mbele yake kwa mkono wa kulia, unarudi ulikotoka. Ni heshima na ni mchezo wenyewe, wakati mwingine ni ujumbe kwa jirani aliyekaa mbele yako. Haitupwi kama nauli.

Wifi ni mpole kuliko mimi. Alimwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, hapo si pahala pa kuweka pesa." Na bwana akamgeukia, mbele ya wazee wote, akasema: "Nyinyi wenyeji mnayajua haya yote, mlikuja kufanya nini?"

Nimelisikia neno hilo nikipika, nikifua, nikiwa kwenye daladala. Mlikuja kufanya nini! Tulikuja kusikiliza, baba. Wifi yangu Tanga kwao wana taarabu yao, alitaka kuiona ya huku. Mimi nyumbani kwetu redio ilikuwa haizimwi, lakini kukaa ndani ya mazoezi, hatua tatu kutoka kwenye kanuni, ilikuwa mara ya kwanza. Mwenyeji haruhusiwi kushangaa vya kwao? Au urithi ni wa wenye pasipoti?

Sikumjibu pale, maana kwa wazee hatukwenda kugombana. Wifi alisimama, akatoa noti yake mkobani, akaenda akampa yule mzee mkononi, akainama, akasema, "Tusameheni, maalim." Mzee akamwambia, "Hapana kosa, binti yangu, karibuni tena Jumatano." Sisi sote wanne tukatolewa nje. Hata wale wageni walikuwa wamenywea. Mke aliniuliza njiani kama ile pesa ilikuwa sehemu ya mila. Nikamwambia hapana.

Siku mbili tatu baadaye ofisi yao wakanitumia ujumbe: tunaomba nyota tano. Niliwaeleza yote haya kwa sauti, kwa simu. Dada aliyepokea alisikitika kweli, akaniambia bwana yule ni mzoefu na wageni wanampenda. Inawezekana. Wageni hawajui taslimu ni nini, watamlaumu kwa lipi?

Basi nyota. Nilipoanza kuandika niliazimia moja. Nilipofika kwa kijana na pampu yake nikasema tatu, nne hata. Sasa nimeikumbuka ile noti tena na sitaki kutoa yoyote. Niseme hivi: ukienda, uliza nani anaongoza. Akiwa kijana, mbichi kidogo, anayeongea na mikono, panda baiskeli, ada yako haitapotea, na mwombe akupitishe Ng'ambo kwanza kabla ya Shangani. Ukimwona mwenye kapelo mbele, mwambie tumbo linakuuma.

Na mazoezi huhitaji baiskeli wala mtembezaji kuyafikia. Klabu za taarabu asilia mjini zinajulikana, muulize mtu yeyote barazani Malindi au Vuga, hodi inaitikiwa. Sisi Jumatano tulirudi, kwa miguu, na bashraf ilipigwa hadi mwisho.