Mlima wa rangi wa Vinicunca, Peru: uzoefu wangu, mtu wa pwani ya Mtwara

Nyota nne kati ya tano. Nne ni za mlima wenyewe na wanakijiji wanaouhudumia. Ya tano nimeikata kwa sababu ya kampuni iliyotupeleka, na nitaeleza. Naandika kwa kirefu kwa sababu maelezo mengi niliyosoma kabla ya safari yaliandikwa na watu waliozoea milima. Sisi wa Mtwara na Lindi ni watu wa pwani. Hata ukipanda Newala, ukasimama ukingoni na kuliona bonde la Ruvuma lote liko chini yako, bado hujafika mita 1,000. Vinicunca inazidi mita 5,000. Kwa mtu wa kwetu hilo ndilo la kuulizia kwanza, habari ya rangi ifuate.

Mimi ni fundi wa mitambo ya gesi. Wenzetu wa Peru wana gesi yao ya Camisea, waliyoanza kuitumia mwaka 2004, na visima vyake viko mkoa wa Cusco, upande wa misitu ya mabondeni. Kazi ilinipeleka Lima kwa mafunzo. Yalipokwisha nikaomba likizo fupi, mimi na mwenzangu mmoja kijana wa Lindi, tukaruka hadi Cusco, mji ulio mita 3,400 juu ya usawa wa bahari.

Mtu anayefanya kazi na gesi anaelewa haraka kinachotokea huko juu. Asilimia ya oksijeni hewani haibadiliki, ni 21 ileile ya Shangani na Mikindani. Kinachoshuka ni kanieneo. Kwenye mita 5,000 kila pumzi inakupa zaidi kidogo tu ya nusu ya oksijeni unayovuta ufukweni. Kilimanjaro tunapanda kwa njia ya Marangu na kufika Kibo Hut, karibu mita 4,700, siku ya tatu au ya nne, na njia nzima waongozaji wanakuambia pole pole. Vinicunca basi linakuchukua usiku kutoka Cusco na asubuhi hiyohiyo linakushusha karibu mita 4,600. Barabara imefanya jambo jema kwa wasio na nguvu ya kutembea siku nyingi, lakini imeuondolea mwili muda wake wa kuzoea.

Kwa hiyo muda huo inabidi uutafute mwenyewe. Sisi tulipotua Cusco hatukulala mjini. Tulishuka moja kwa moja hadi Urubamba, kwenye Bonde Takatifu, ambako mwinuko haufiki mita 2,900, tukalala huko kwanza. Kisha tukarudi Cusco tukakaa siku kadhaa za kutembea taratibu, kula vyepesi na kunywa maji mengi, bila pombe. Kabla sijaondoka nyumbani nilimwona daktari, akaniandikia acetazolamide, dawa inayosaidia mwili kuzoea mwinuko. Aliniuliza kwanza kama nina mzio wa dawa za salfa, nanyi msisahau kulitaja hilo. La muhimu zaidi kwa ukanda wetu ni sikoseli. Mwenye ugonjwa huo asiende kabisa kwenye miinuko ya namna hii, na hata anayebeba kinasaba chake bila kuumwa amwone daktari kabla ya kukata tiketi. Sikuona ukurasa wowote wa kampuni za utalii uliolitaja jambo hili, wakati kwetu karibu kila ukoo unamjua mtu mwenye sikoseli.

Jambo jingine ni chai ya majani ya koka. Huko ni halali, hoteli nyingi wanakupa bure, na wenyeji wanaitegemea sana. Mimi sikuinywa. Inaweza kuonekana kwenye vipimo vya dawa za kulevya, na kwenye kazi kama zetu vipimo hivyo vipo. Majani yenyewe usithubutu kuyatia kwenye begi la kurudi nyumbani. Niliomba chai ya muña, jani linalonukia kama mnanaa, na tumbo lilitulia vizuri.

Siku ya safari walitupitia hotelini saa kumi alfajiri. Ni mwendo wa saa kama tatu, sehemu ya mwisho ni barabara ya vumbi yenye kona kali juu ya bonde, na dereva alikimbia kuliko nilivyopenda. Ndani ya basi walikuwemo watu waliotua Cusco jana yake tu. Binti mmoja alianza kutapika kabla hatujafika. Mwongozaji alimbana kidoleni kile kifaa cha kupimia oksijeni, akampa mtungi, na binti akabaki kwenye basi. Hilo walilifanya vizuri, nawasifu. Ila kampuni hiyohiyo ndiyo iliyomuuzia safari bila kumuuliza amefika lini. Hapo ndipo nyota ilipokatika. Swali hilo moja lingetosha.

Kutoka maegesho hadi juu ni matembezi ya saa moja na nusu hadi mbili. Njia ni pana na wazi, haina hatari ya kuporomoka, lakini kila hatua inadai pumzi yake. Wanakijiji wa Kikechua, wenyeji wa asili wa milima ya Andes, wanakodisha farasi njiani. Mwenzangu akanishika mkono: “Kaka, tuchukue farasi, hapa si mahali pa kiburi.” Nilikubali kwa sehemu ya katikati, na namshukuru. Farasi wangu aliongozwa na mama mmoja wa makamo, amevaa sketi nzito ya sufu na kofia pana iliyotarizwa pembeni, na miguuni katambuga. Ndiyo, katambuga za tairi la gari kama hizi zetu, bila soksi, kwenye ardhi yenye barafu. Alitembea mbele ya farasi bila kuhema, huku mimi niliyekalia tandiko nikitafuta hewa. Farasi hawafiki kileleni. Wanakushusha chini ya mteremko wa mwisho, ule mkali kuliko yote, na huo unaupanda kwa miguu yako. Mlipe mwenye farasi mkononi, kwa sole, fedha ya Peru, taslimu na noti ndogo. Kiingilio cha mlima nacho ni taslimu, na mara nyingi hakimo kwenye bei ya kampuni, uliza mapema.

Juu nilipimwa kwa kifaa kile, oksijeni kwenye damu ikasoma asilimia themanini na kitu. Kichwa kilikuwa kizito lakini hakikuuma. Upepo ulikuwa mkali mno, bila mzula, glavu na koti zito hutakaa hata kwa picha moja. Yote hayo nilinunua mitumba kabla ya kuondoka, yakafaa. Losheni ya jua na mafuta ya midomo usiyaache, jua la huko linachoma hata ukitetemeka kwa baridi.

Sasa rangi. Ni za kweli. Picha nyingi za mitandaoni zimekolezwa, kwa hiyo usitegemee zambarau inayowaka. Utakachoona ni wekundu wa tofali, njano ya haradali, kijani kilichopauka na weupe wa chokaa, zimepangana mistari kwa mistari ubavuni mwa mlima kama mkeka wa ukindu uliotiwa rangi. Nyuma yake unasimama Ausangate, zaidi ya mita 6,300, umefunikwa theluji. Mimi niliona bora zaidi hivi kuliko kwenye picha, kwa sababu rangi zile unaamini ni za udongo.

Na udongo huo tunaufahamu. Wekundu ule ni chuma kilichoshika kutu, kama kwenye udongo mwekundu wa Newala. Njano ni madini yenye chuma na salfa, kijani ni udongo wenye chuma na magnesi, nyeupe ni mchanga wa kwazi na chokaa. Matabaka yale yalilala moja juu ya jingine kwa mamilioni ya miaka, ndipo bamba la Nazca, kipande kikubwa cha gamba la dunia kinachozama chini ya Amerika Kusini, likainua Andes na kuyalaza ubavu. Lindi tuna matabaka yetu pale Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913 wakaipeleka Berlin. Ya kwetu hayakuinuliwa hivi. Nilisimama nikiyawaza hayo mpaka mwongozaji akaanza kupiga filimbi ya kuondoka. Muda wa juu ulikuwa mfupi mno, chini ya nusu saa, kwa mtu aliyevuka bahari kufika pale. Kabla hujalipia, uliza utapewa muda gani kileleni, na chagua kampuni inayotangulia kufika kabla ya umati.

Kama unasafiri na wazazi, au una wasiwasi na moyo au presha, angalia Palccoyo. Nayo ina milima ya rangi, mwinuko wake ni karibu mita 4,900, lakini matembezi ni mafupi na karibu tambarare, na watu ni wachache. Ushauri wa kuzoea mwinuko kwanza ni uleule. Mkiona mtu anayumba kama mlevi au anakohoa na kuhema akiwa amekaa, msisubiri dawa wala chai, mshusheni chini mara moja.

Kuhusu majira: kiangazi cha huko ni Mei hadi Septemba. Kuanzia Desemba hadi Machi ni mvua, na mara nyingi theluji inafunika mistari yote, unalipa kuona weupe mtupu. Kwa wenzangu wanaotegemea fedha za korosho, malipo ya minada yanaingia kati ya Oktoba na mwisho wa mwaka, yaani mvua za Andes zinapoanza. Fedha hiyo itulie benki, mkate tiketi ya Juni.