Tripu za kulipia ukishuka boti Zanzibar: ipi uanze nayo, ipi uiache

Umepanda boti Dar, masaa mawili hivi ushafika bandarini Malindi, begi mgongoni, na hujamaliza hata kunyoosha miguu papasi wa kwanza, yani dalali wa tripu, ashakuita kaka, au dada, au mzee wangu kama una mvi mbili tatu. Kisiwa cha Changuu anacho, Nakupenda, lile fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, analo, viungo, pomboo, vyote anavyo na bei ni "kwa ajili yako tu". Usianze na bei. Muulize leo maji yanakupwa, yani yanashuka, saa ngapi. Akikujibu bila kufikiria, endelea kuongea nae. Akianza kuangalia juu, mwambie asante tutaonana.

Nina sababu yangu. Mara ya kwanza tulikuwa sita, tukalipia Changuu na Nakupenda kwa pamoja, tukaanza saa nane mchana, siku mbili baada ya mwezi mpevu, yani bamvua lenyewe, maji yanapanda na kushuka kupita kawaida. Changuu tulienjoi. Nakupenda tumefika kama saa tisa na nusu, ule mchanga wa kwenye picha umebaki kama ukubwa wa mkeka wa msikitini, na kila tukigeuka mkeka unapungua. Dakika kumi baadae tumesimama maji ya kifundo cha mguu, mabegi kichwani, tikiti maji tulilonunua linaelea, na nahodha anatuambia kwa upole kabisa "maji yanajaa hapo". Sasa si ungesema tukiwa bado ufukweni?

Kwa hiyo hesabu ni hii, ishike. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa umeandama tu, maji Unguja yanakupwa kwenye saa nne, saa tano asubuhi na kujaa kwenye saa kumi jioni. Mwezi ukiwa nusu inageuka, asubuhi ndo maji yamejaa, ila hayo ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Kabla hujakata tiketi ya boti angalia mwezi kwanza.

Sasa listi yangu, kwa mtu wa wikiendi na mfuko wa kawaida.

Namba moja bado ni hiyo hiyo Changuu na Nakupenda, ila utoke mjini saa mbili na nusu asubuhi siku za bamvua. Boti ni kama nusu saa tu. Changuu watu wanaiita kisiwa cha gereza, na jengo la gereza lipo kweli, lilijengwa miaka ya 1890, ila wafungwa hawakuwahi kuwekwa, pakawa karantini ya wagonjwa waliokuja na meli. Kinachokupeleka pale ni wale kobe wakubwa, wa kwanza wanne waliletwa kutoka Shelisheli 1919. Wengine wameandikwa umri mgongoni kwa rangi, unampa jani la mchicha analivuta taratibu macho yamefumba nusu, shingo ina mikunjo kama ya bibi, na ukimkuna chini ya kidevu anainyoosha yote anasubiri uendelee. Mwanangu aligoma kuondoka. Bei hapa ni ya boti sio ya kichwa, hivyo tafuteni wenzenu muwe sita au nane, na uliza kabisa kiingilio cha kisiwani kimo au hakimo, maana hapo ndo watu wengi wanapigwa. Laifu jaketi uione kwa macho yako kabla ya kutoa hela. Nakupenda hakuna kivuli wala choo, jipange.

Namba mbili, siku nzima ya jahazi kutokea Fumba, ghuba ya Menai. Ghali kuliko zote, sikufichi, ila chakula kimo: samaki, pweza, kamba wa kuchoma, matunda mpaka ukatae. Unaogelea, unazamia na miwani, mnapita kwenye mikoko maji yakiwa yamejaa (umeona, maji tena). Kama una hela ya tripu moja tu na hujali kobe, chukua hii.

Tatu, Mji Mkongwe kwa miguu na mwongoza wageni. Nusu ya vitu ni bure, milango, vichochoro, Darajani, Forodhani usiku na urojo wako, kwa hiyo unacholipia ni mdomo wa mwongozaji, chagua anayejua kusimulia. Pa kulipia kweli ni Mkunazini, kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa 1873, ushuke kwenye vile vyumba vya chini, dari ilivyo fupi hata watoto wananyamaza. Beit al Ajaib, lile Jumba la Maajabu, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, hivyo mtu akikuuzia kuingia ndani muulize vizuri kwanza.

Namba nne ni mashamba ya viungo ya Kizimbani. Mtu aliyekulia shamba Muheza au Morogoro iliki haimshangazi, ila mgeni wako wa Ulaya atafurahi sana, na kofia ya majani atavalishwa.

Msitu wa Jozani usinunue tripu. Daladala za Makunduchi na Jambiani zinapita getini, unashuka, unalipa kiingilio, kima punju wapo hapo barabarani wanakuangalia. Tripu ya mjini unalipia gari tu.

Mwisho kabisa pomboo wa Kizimkazi. Boti nyingi kwa pomboo wachache, wanakimbizwa kama kuku wa sikukuu, sikupenda. Ukifika kule nenda Dimbani kwenye ule msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yani 1107, uvue viatu, utoe sadaka yako, umeona kitu.

Alafu kurudi. Mwezi wa sita mpaka wa nane kusi, upepo wa kutoka kusini, linapuliza na boti inaenda kulikabili, hivyo kaa siti za chini karibu na katikati, asubuhi kunywa chai ya tangawizi, na ule urojo wa mwisho uule jana yake.