Tuisheni ya insha, mji wa kale Malindi: nimeridhika, ila...

Binti yangu anasoma mtaala wa Kimarekani kwa mtandao, na mwezi wa tano ana mtihani wa AP wa Kiingereza, yaani ile mitihani ya Kimarekani ya kiwango cha chuo wanayofanya wanafunzi wa sekondari; wake ni ule wa balagha na hoja. Nikampeleka tuisheni, chumba cha ghorofani nyuma ya Msikiti wa Juma. Ngazi zimesimama wima. Mwenye magoti kama yangu asubiri chini.

Mwalimu kazi anaijua. Jumamosi moja aliwauliza watoto kama ni haki pesa za umma kutumika kuutunza mnara wa Vasco da Gama. Wakabishana nusu saa, kisha wakapewa dakika 40 waandike. Insha ya binti yangu ilirudi na wino mwekundu pambizoni, "Kwa hivyo?", mara saba. Nikadhani ni dharau. Kumbe insha ina alama 6, na dai lenyewe ni alama 1 tu. 4 ni za ushahidi na kueleza huo ushahidi unathibitisha nini. Sasa hata akitaka pesa ya mahamri anakuja na sababu zake.

Kinachoniudhi ni kwamba maswali ya kuchagua wanayagusa juu juu, ilhali ni 45 kwa saa moja na yanabeba asilimia 45 ya matokeo. Tena mtihani siku hizi hufanywa kwa kompyuta, wao bado ni kalamu na daftari. Nimemwambia mwalimu, akasema kompyuta zaja. Neno hilo nalisikia tangu kabla ya Ramadhani. Mwezi huu nimelipa tena.