Gereji ya Mwanga iliyonitibia Hilux

Hilux yangu ya dizeli ikivuta trela la boti kutoka Kibirizi hapa Kigoma, kwenye mlima wa kwenda Mwanga ilikata nguvu na kutoa moshi mweusi. Bila mzigo, safi kabisa. Fundi mmoja alishaniambia ninunue pampu nzima!

Huyu wa Mwanga alizungusha kwanza magurudumu ya trela, kuhakikisha breki hazikamati. Akaangalia filta ya dizeli. Kisha akapaka povu la sabuni kwenye mpira wa turbo, ule unaopeleka hewa ya presha kwenye injini, akaniambia nikanyage mafuta. Povu likachemka chini ya kibano: ufa mdogo kama ukucha, unafunguka presha ikipanda tu.

Mpira mpya, nimelipa kwa moyo mweupe. Wahini asubuhi, mchana foleni ndefu. Jana nimepanda na boti, moshi hakuna.