Mafunzo ya Ukweli kwa Wazazi: Daftari Zuri, Tangazo la Mashaka

Nimemaliza wiki 6 za mafunzo ya mtandaoni kwa wazazi wanaotaka kulea watoto wakweli, na nakiri kwamba nilijiandikisha nikidhani nitafundishwa namna ya kumbana mtoto anayedanganya. Somo la kwanza likanigeukia mimi: kila mzazi hutakiwa kuandika daftarini, kabla ya kulala, kila uongo aliousema siku hiyo mtoto akisikia, ukiwamo ule tunaouona hauna madhara.

Ukurasa wangu wa kwanza ulijaa. Asubuhi nilimwambia mwenzangu kwa simu kwamba niko njiani, ilhali nilikuwa nimepiga magoti nikichungulia uvunguni mwa kitanda, na mwanangu wa miaka 6 amesimama kando yangu, mkononi ameshika kiatu nilichokuwa nakitafuta. Jioni nilipomuuliza kama amemaliza kazi ya shule, alijibu kwamba anakaribia. Mkoba wake ulikuwa haujafunguliwa. Bila daftari lile nisingeyahusisha mambo hayo mawili.

Somo la 3 ndilo lenye uzito. Linaeleza utafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, uliochapishwa mwaka 2014, ambapo watoto 186 wa miaka 3 hadi 7 waliachwa peke yao baada ya kukatazwa kuchungulia kidoli, baadhi yao wakiwa wametangulia kudanganywa na mtu mzima kwamba chumba cha pili kina bakuli la peremende. Wa umri wa shule waliodanganywa walichungulia, kisha wakakana, kwa wingi kuliko wenzao. Kwa wadogo zaidi tofauti hiyo haikuonekana. Waandaaji hawakuificha sehemu hii ya pili, ingawa haiwasaidii, wala hawakuficha kwamba aliyedanganya alikuwa mtu baki, si mzazi.

Video zao ni ndefu na sauti ni hafifu.

Linalonikera ni tangazo lao. Nilipojiandikisha lilisema zimebaki nafasi 3 tu, na wiki 5 baadaye bado zilikuwa 3. Niliwaandikia kuuliza. Kesho yake tangazo lilikuwa limeondolewa, pasipo maelezo wala neno la radhi, na wiki hiyohiyo tulikuwa kwenye somo la kumwomba mtoto msamaha tunapobainika kuwa tumemdanganya.