Vidonge vya chunusi: kipi ununue hapa Mbeya na kipi ukiache dukani

Mdogo wangu wa mwisho yuko kidato cha tatu na mashavu yake yote mawili yalishika chunusi tangu mwaka jana, mama anasema ni balehe tu zitaisha, shangazi wa Tukuyu anasema ni damu chafu anywe mizizi, na mtoto mwenyewe alishaacha kupiga picha kabisa. Mwezi wa tano nikampeleka Mwanjelwa kwenye duka moja la vipodozi na saplimenti, dada wa pale akatoa makopo manne akayapanga juu ya kioo kama mtu anayepanga mafungu ya nyanya, akasema hii ndo pakeji ya chunusi, elfu themanini na tano. Kiukweli nilishashika pochi, maana mtoto alikuwa ananiangalia mimi tu. Ila nikawasha tochi ya simu nikasoma lebo moja moja, biotini, kolajeni, glutathioni, na multivitamini. Zinki ilikuwemo kwenye hiyo multivitamini, miligramu 5. Nikamwambia dada tutarudi, na tangu siku hiyo nimesoma sana na kuwasumbua wafamasia, ndo nawapangia hapa kuanzia cha kununua mpaka cha kukimbia.

Kitu kimoja kwanza. Hakuna kidonge cha lishe kinachoshika nafasi ya krimu ya chunusi. Kama hela inatosha kitu kimoja tu, nunua tyubu ya benzoyl peroxide ya asilimia 2.5 au 5 na achana na makopo yote. Na kwa baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba ngozi inakauka mpaka inachanika, kwa hiyo anza siku moja moja ukiruka, paka kidogo, halafu mafuta mepesi juu yake. Inachuja rangi ya nguo pia, sweta la shule la mdogo wangu lina kidoa cheupe kwenye kola mpaka leo.

Namba moja ni zinki, na kwangu mimi ndo peke yake yenye haki ya kuchukua hela yako. Wafaransa waliipima kwa watu 332, majibu yakatoka 2001: kundi moja lilimeza miligramu 30 za zinki kwa siku kwa miezi mitatu, jingine antibayotiki ya minosaiklini. Waliopata nafuu kubwa kwenye zinki walikuwa kama 31 kwa kila 100, kwenye minosaiklini 63. Yaani zinki inasaidia ila inasaidia nusu ya dawa, na hilo ujue kabla hujatoa hela ili usije ukakata tamaa wiki ya tatu.

Sasa kwenye kununua ndo watu wanapigwa. Kuna mfamasia mmoja mtu mzima, mimi namwita baba, nilimpelekea picha za makopo matatu akaniambia, "Mwanangu, namba kubwa ya mbele usiisome, geuza kopo." Zinc sulphate miligramu 220 ndani yake ina zinki halisi kama 50, hiyo imezidi, maana mwisho kwa mtu mzima ni 40 kwa siku na kwa wa miaka 14 mpaka 18 ni 34. Zinc gluconate miligramu 50 nayo ukigeuza unakuta zinki halisi ni kama 7 tu, sawa na hujanunua kitu. Tafuta neno elemental nyuma ya kopo, ndo hiyo zinki halisi, kama halipo na muuzaji hajui, rudisha.

Na jamani vile vidonge vya zinki vya watoto wanaoharisha, vya kuyeyusha kwenye kijiko cha maji, kila kimoja kina miligramu 20 za zinki halisi! Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na makopo ya nje, hata duka la dawa muhimu la mtaani linaweza kuwa nazo. Muulize mfamasia kwanza kama umri wako unaruhusu na umeze kwa muda gani, halafu usimeze tumbo likiwa tupu, mdogo wangu alimeza asubuhi kabla ya chai akatapika njiani kwenda shule. Sisi tukahamishia mchana baada ya wali. Ugali wa dona na maharage vinashika zinki isiingie vizuri mwilini, kwa hiyo siku ya makande meza saa nyingine. Na kama umeandikiwa antibayotiki kama doksisaiklini au sipro usivimeze pamoja, zinki inaizuia dawa, acha masaa kadhaa katikati. Kumeza zinki nyingi miezi na miezi kunapunguza madini ya shaba mwilini, ndo maana mimi nimeweka mwisho wiki kumi na mbili halafu tunaacha tuangalie.

Namba mbili, omega-3, yale mafuta ya samaki, ila kwa shingo upande. Korea walijaribu kwa watu 45, wiki kumi, chunusi zikapungua kwa waliopata miligramu 2000 za EPA na DHA, ndo omega-3 zenyewe, kwa siku. Tatizo ni hesabu. Kapsuli ya kawaida imeandikwa mafuta ya samaki miligramu 1000, ukigeuza EPA ni 180 na DHA 120, jumla 300, kwa hiyo ili ufike kwa Wakorea unameza karibu kapsuli saba kila siku na kopo la thelathini halifiki hata siku tano. Mimi hela hiyo nanunua usipa wa Kyela, tunaukaanga na nyanya, nyumba nzima inakula. Ukinunua kopo, angalia yasiwe mafuta ya ini la samaki, yale yana vitamini A, na hiyo naifikia sasa hivi.

Mtindi na vidonge vya bakteria wazuri, vitamini D, vitamini E: kwa chunusi ushahidi bado ni mwembamba. Mtindi kunywa kama unaupenda.

Vitamini A ndo inayoniogopesha. Watu wamesikia kwamba dawa kali ya chunusi, isotretinoini, ni ndugu wa vitamini A, wanaona basi wameze kopo zima. Kiwango cha juu kwa mtu mzima ni yuniti 10,000 kwa siku, na dozi zilizowahi kujaribiwa kwa chunusi zilikuwa mara nyingi ya hapo, zinaumiza ini na zinaharibu mtoto tumboni. Dada uliyeolewa au unayetegemea mimba, usiguse. Na zile kapsuli nyekundu wanazopewa watoto Juni na Desemba zina yuniti 200,000 kwa moja, kama kuna mtu anakuuzia ukatoboe unywe, ondoka hapo.

Biotini haijaonyesha kutibu chunusi, mwili unahitaji maikrogramu 30 kwa siku na makopo yana 5,000 mpaka 10,000, halafu inachanganya majibu ya maabara ya moyo na tezi ya shingo, Marekani walitoa onyo 2017. Vitamini B12 kwa wingi, pamoja na zile sindano za neva, kwa baadhi ya watu inaleta chunusi kabisa. Unga wa protini wa jimu vilevile, vijana kibao wanatoka jimu na mgongo umejaa. Glutathioni ni biashara ya weupe, chunusi haimhusu.

Mdogo wangu yuko wiki ya tisa. Paji la uso limetulia, shavu la kushoto bado lina tatu nne, na kwa sababu anatumia krimu na zinki pamoja siwezi kukuapia ni kipi kimefanya kazi. Kama zako ni vile vinundu vya ndani vinavyouma hata ukilalia upande, au zinaacha mashimo, usinunue chochote kwenye orodha hii, panda bajaji uende Hospitali ya Rufaa ya Kanda uulize kliniki ya ngozi, maana kila mwezi unaosubiri kopo lifanye kazi kovu linaongezeka.